Mwaka Tulipozikunja Bunduki

Nchi yetu ni ya amani, na anayebisha huchukuliwa taratibu, kwa gari la serikali, akaelimishwe. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nina neno baya na mtu. Mimi ni mtangazaji wa Redio ya Taifa. Sauti yangu ndiyo inayowaamsha wananchi na ndiyo inayowalaza, na tangu niajiriwe sijawahi kusoma habari mbaya hata moja. Ikija mbaya, nairudisha ikapikwe upya.

Basi, mambo yote yalianzia kwenye lifti.

Lifti yenyewe ilikuwa zawadi ya taifa rafiki. Ikulu yetu ina ghorofa moja tu na ngazi nzuri za kupandia, lakini nani atakataa zawadi mbele ya kamera? Chumba chake kilikuwa kidogo kama kabati la mtu asiye na nguo nyingi. Kila asubuhi waliingia humo Mtukufu Rais na mlinzi wake, Koplo Pazi, pamoja na bunduki ya Koplo Pazi. Ilikuwa bunduki ile ile mnayoijua, ile yenye magazini iliyopinda kama ndizi, na nyuma yake kitako cha mbao ambacho askari hukiegemeza begani anapolenga.

Sasa, kwetu ni kosa kumpa Mtukufu mgongo. Watumishi wote wa Ikulu hutoka vyumbani kinyumenyume, na mpishi mmoja aliwahi kutoka hivyo mpaka akaingia kwenye pipa la unga. Siku hiyo Koplo Pazi, kijana mwenye adabu, aliingia kwenye lifti kwanza kukagua usalama, kisha akageuka upesi amtazame Mtukufu aliyekuwa anaingia. Bunduki ikageuka naye. Kitako kikabonyeza kitufe chekundu, kile ambacho mafundi wa taifa rafiki walituomba sana tusikiguse. Mlango ukajifunga, lifti ikapanda kidogo ikasimama, taa ikazimika.

Humo gizani, Mtukufu akatoa sauti.

Sauti gani? Hiyo ni siri ya dola. Mimi nilitangaza jioni kwamba Mtukufu alipumzika kidogo ndani ya lifti ili kuipima, na kwamba ameridhika nayo. Aliyeisikia sauti yenyewe alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikamatwa mara tu mlango ulipofunguliwa. Hakushtakiwa kwa kubonyeza. Alishtakiwa kwa kusikia. Tunayo Sheria ya Masikio, inayosema kwamba yeyote atakayesikia jambo la dola lisilomhusu atashikiliwa, yeye pamoja na masikio yake. Adhabu ni Kisiwa cha Chumvi, na bado hajarudi mtu kutoka huko wa kutuambia kama pana raha. Koplo Pazi akawekwa mahabusu chini ya Ikulu asubiri kupelekwa, kwa sababu boti ya serikali ilikuwa inapakwa rangi kwa ajili ya Siku ya Taifa. Na ili asiwasumbue watu, akatangazwa kuwa hajawahi kuwapo.

*

Baraza la Mawaziri likaketi. Mmoja akapendekeza Mtukufu atumie ngazi, akaombwa atoke nje akapunge upepo. Mwingine akasema lifti ipanuliwe, akaulizwa kama anataka kulitukana taifa rafiki. Ndipo akasimama Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Kigwendu, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kuhutubia uwanja hata anapoomba chumvi mezani.

"Waheshimiwa," akasema, "tatizo si lifti. Tatizo ni urefu wa bunduki! Lifti tulipewa na marafiki. Bunduki nazo tulipewa, kweli, lakini tulipewa na watu ambao siku hizi hatusalimiani nao. Kwa hiyo kosa ni la bunduki."

Wakapiga meza.

"Tazameni dunia inavyokwenda. Vitanda vinakunjwa. Viti vinakunjwa. Miavuli inakunjwa. Sisi tutabaki tumenyooka mpaka lini? Natangaza kwamba kila bunduki ya nchi hii itafungwa kitako cha chuma, cha kukunja!"

Wakapiga meza tena mpaka chai ikamwagika. Na kwa kuwa serikali yetu haina upendeleo, ikaamuliwa kwamba zisikunjwe bunduki za walinzi wa Ikulu peke yao. Zikunjwe zote, za nchi kavu na za wanamaji, ambao wengi wao hawajawahi kuiona lifti hata kwenye picha.

Kamati ikasafiri ng'ambo kujifunza kukunja. Huku nyuma, Waziri Kigwendu, akitaka wakirudi wakute kazi imepamba moto, aliwaita maseremala wa wizara wakavikata kwa msumeno vitako vyote vya mbao. Vipya vilikuwa bado havijaagizwa. Msimu mzima wa mvua jeshi letu lilibeba bunduki zinazoishia ghafla, na askari wakawa wanazibana kwapani, kama mtu anayetoka sokoni na kuku. Vile vipande vya mbao vilipelekwa messi ya maofisa vikachomewa nyama. Waliokula wanasema nyama ilinoga ajabu.

Hatimaye vitako vipya vikafika, vyembamba, vyeusi, vinang'aa mafuta, na vimetengenezwa kwa bunduki ya aina nyingine kabisa. Matundu hayakukutana na matundu. Mafundi wa jeshi walihangaika navyo, wakagongagonga, wakasonya, mwisho wakavifunga kwa mipira ya baiskeli. Vingine vikawa vinakunjikia kulia, vingine kushoto, na kimoja kilijikunja kila askari wake alipopiga chafya. Nikamhoji Waziri redioni.

"Mafanikio ni makubwa," akasema. "Bunduki zetu zote sasa zinakunjika. Nyingine zinakunjika bila hata kuombwa."

Nilimshukuru kwa niaba ya wasikilizaji. Hakuna aliyeuliza habari za kishindo.

*

Hapa lazima nieleze, maana wageni hutucheka kwa jambo hili kabla hawajalielewa.

Siku tulipopata uhuru, vipaza sauti viliharibika. Rais wa kwanza akala kiapo, lakini umati haukusikia kitu, watu wakaanza kuulizana kama tumeshakuwa huru au bado. Ndipo gwaride la heshima likavigonga vitako vya bunduki kwenye jukwaa la mbao, vyote kwa pamoja, na uwanja mzima ukatetemeka. Watu wakaelewa. Tangu hapo imeandikwa kwenye Katiba kwamba urais wetu unahuishwa kila Siku ya Taifa kwa vishindo vitatu. Cha kwanza kikilia, kila mwenye kukisikia, popote alipo, anasimama, na Mtukufu ananyanyua mkono wa kulia. Cha pili kikilia, anakula kiapo. Cha tatu kikilia, amekuwa Rais kwa mwaka mwingine, anashusha mkono, na nchi inakaa. Kabla ya cha tatu, si Mtukufu anayeruhusiwa kushusha mkono, wala mwananchi anayeruhusiwa kukaa.

Wanasheria wanasema kati ya cha kwanza na cha tatu nchi haina mwenyewe. Lakini huwa ni muda wa kupiga miayo tu, na hakuna aliyewahi kuutumia.

Mazoezi ya gwaride yalipoanza, Siku ya Taifa ikiwa imekaribia, kamanda akaamuru vitako vigongwe. Askari wakagonga. Vikalia "cheng'e, cheng'e", kama vijiko ndani ya glasi. Kisha bawaba zikalegea, bunduki zikajikunja mikononi, na gwaride zima la heshima likainama mbele ya jukwaa tupu kama watu waliodondosha sarafu. Waziri Kigwendu alikuwa amekaa pembeni akinywa soda. Nilimwona anavyobadilika rangi, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Vya mbao vilishaliwa na nyama, na vya chuma ndivyo hivyo.

Akaanza kuzunguka kambini akitafuta kitu chenye kishindo. Akajaribu ngoma, zikasikika kama harusi. Akajaribu kuangusha kabati. Akiwa karibu kukata tamaa, akasikia kutoka nyumba za wake wa askari sauti nzito, ya kina, iliyotetemesha mpaka vifungo vya kaunda suti yake. Akaifuata, nami nikamfuata na kinasa sauti changu. Tukamkuta mwanamke mmoja uani kwake anatwanga kisamvu kwenye kinu kikubwa cheusi.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema bila kuacha kutwanga.

"Marahaba, mama. Hiki kinu ni chako?"

"Nilipewa na mama yangu nilipoolewa."

"Kinalia vizuri sana."

"Kinatwanga vizuri. Huko kulia ni kwake mwenyewe."

Waziri akajivuta, akatoa sauti ya uwanjani. "Mama! Taifa linakihitaji kinu chako!"

"Litakirudisha?"

"Litakirudisha. Utakaa chini ya jukwaa, nyuma ya pazia, na maikrofoni. Askari watafanya kama wanagonga, wewe ndiye utakayegonga. Mumeo yuko kikosi gani?"

"Hayupo," akasema.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Alikuwa ni Bi Zamoyoni, mke wa Koplo Pazi. Mimi nilimjua, kambi nzima ilimjua. Waziri hakumjua, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuwapo hawezi kuwa na mke. Sikusema kitu. Kazi yangu ni kutangaza, na lile halikuwa kwenye taarifa ya habari.

"Nitapiga mara ngapi?" Bi Zamoyoni akauliza.

"Tatu tu."

"Na ya tatu nikiikosea?"

Waziri akacheka mpaka tumbo la heshima likapanda na kushuka. "Utaikoseaje tatu, mama?"

*

Siku ya Taifa ilipambazuka na jua la kukaanga mayai. Kibanda changu cha kutangazia kilikuwa ubavuni mwa jukwaa, na kwenye pazia la rangi za bendera kulikuwa na upenyo ambao ulinionyesha Bi Zamoyoni chini ya jukwaa, amesimama na kinu chake na mchi wake. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Akaniita kwa mkono.

"Kaka wa redio, hiyo sauti yenu inafika kila mahali?"

"Kila mahali, dada. Mpaka kijiji cha mwisho."

"Na chini ya Ikulu?"

"Hata huko wamefunga spika, ili wafungwa wasipitwe na maendeleo."

"Haya," akasema. "Na ile boti wameshamaliza kuipaka rangi. Inaondoka leo jioni."

Nikarudi kwenye maikrofoni nikasema hali ya hewa ni nzuri.

Mtukufu akapanda jukwaani, amevaa nishani za vita ambavyo tunategemea kupigana. Kamanda akapaza sauti, askari wakanyanyua bunduki zao zilizokunjwa, wakajifanya wanagonga. Chini ya pazia, mchi ukashuka.

Du!

Ndugu zangu, kilikuwa kishindo. Nchi nzima ikasimama. Vinyozi waliacha vichwa nusu, wenye vichwa nusu wakasimama nao. Kina mama waliokuwa wanajifungua, naambiwa, walisaidiwa kusimama. Mtukufu akanyanyua mkono wa kulia.

Du! Cha pili. Mtukufu akala kiapo, kwamba atatupenda, atatulinda, na hataondoka.

Askari wakajifanya wanagonga mara ya tatu.

Kimya.

Wakajifanya tena. Kimya kile kile. Nikachungulia kwenye upenyo. Bi Zamoyoni alikuwa ameukumbatia mchi kifuani, anatazama mbele yake.

Mtangazaji akinyamaza, watu hudhani serikali imeanguka, kwa hiyo nikaendelea kusema. Nikaeleza mawingu, ingawa hayakuwapo. Nikaeleza suti za mabalozi. Nikasema, "Mkono wa Mtukufu uko juu, wasikilizaji, na unaendelea kuwa juu." Jua lilikuwa linapiga. Kitone cha jasho kikashuka kutoka kwapani mwa Mtukufu mpaka kwenye nishani ya kwanza.

Waziri Kigwendu akatambaa chini ya pazia. Niliyasikia yote, na Mtukufu juu ya mbao naye aliyasikia.

"Mama, umelala? Piga!"

"Namtaka mume wangu."

"Mumeo si alikufa?"

"Nani kakwambia? Mimi nilisema hayupo. Mmemweka ninyi, huko chini. Koplo Pazi."

"Huyo mtu hajawahi kuwapo!"

"Basi na kishindo cha tatu hakijawahi kuwapo."

Waziri akaushika mchi akavuta. Angeita askari, lakini askari aliyesimama mguu sawa haruhusiwi kunyanyua unyayo mpaka cha tatu kilie. Kwa hiyo mikono iliyozoea kusaini ikashindana na mikono iliyozoea kutwanga. Matokeo sitayataja, ila Waziri alitoka upande wa pili wa pazia akiwa chali.

Huko juu, mkono wa Mtukufu ulikuwa umeanza kutikisika. Akaushikilia kwa mkono wa kushoto. Akabana meno. Mshipa ukamkaza begani, nikauona unavyopanda kuelekea shingoni. Na mbele yake zilikuwa maikrofoni zote za taifa, ziko wazi.

"Mama wee!" akalia Mtukufu. "Mama wee, nakufa mwanao!"

Sauti ikaenda kila mahali. Mpaka kijiji cha mwisho.

Mimi, mtangazaji wa miaka mingi, nilikosa neno. Baba wa wote, mwenye picha kwenye kila ukuta, alikuwa amemwita mama yake kama mtoto aliyejikwaa. Waziri Kigwendu akasimama, na mazoea yakamtangulia. Akapaza sauti: "Kamata wote waliosikia!"

Kamanda wa gwaride akasema pale pale alipo, macho mbele, "Mheshimiwa, tuanze na nani?"

"Na... na wote!"

"Na sisi tumesikia, mheshimiwa. Atatukamata nani?"

Waziri akageuka kuwatazama mabalozi, majaji, wananchi waliojaa uwanjani. Akagusa masikio yake mwenyewe. Niliona wazi kwamba anajaribu kukumbuka ukubwa wa Kisiwa cha Chumvi.

"Kigwendu," Mtukufu akasema kwa sauti ndogo, ambayo nayo ilisikika nchi nzima. "Mleteni yule mtu."

"Mtu gani, Mtukufu?"

"Yule wa lifti."

"Hayupo, Mtukufu."

"Mlete hivyo hivyo asivyokuwapo! Mkono unaning'oka!"

Sheria yetu inakataza kukaa, haikatazi kukimbia. Waziri akakimbia mwenyewe, tumbo mbele, mpaka Ikulu ng'ambo ya barabara. Alimkuta Koplo Pazi amesimama wima ndani ya chumba chake cha mahabusu, maana alikisikia kishindo cha kwanza kwenye spika kama raia mwingine yeyote. Akarudi naye anamvuta mkono. Koplo alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, jua linamuumiza macho. Akaletwa mpaka kwenye pazia.

Bi Zamoyoni akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Walikuwa wanakulisha?"

"Kidogo."

"Kaa upande wangu huku. Simama, namaanisha. Kukaa bado."

Akanyanyua mchi juu kabisa, akaushusha.

Du!

Nchi nzima ikakaa. Nasikia wengine walilia kwa raha. Mkono wa Mtukufu ukaanguka kama gunia, na mwaka wake mwingine ukaanza.

*

Koplo Pazi hakurudishwa ndani. Wanasheria waliitazama Sheria ya Masikio juu chini, wakaona haiwezekani kumfunga mtu kwa kusikia jambo ambalo hata mbuzi wa vijijini wamelisikia. Siku hizi mtu akijikwaa akasema "Mama wee", walio karibu husimama kwa heshima kidogo, kisha wanaendelea na safari.

Nilikwenda kumtembelea. Nilitaka kujua, si kama mtangazaji, kama mtu tu, kama sauti ya lifti ndiyo hiyo hiyo tuliyoisikia sote.

"Ndiyo hiyo," akasema Koplo Pazi. "Alilia, nikamshika mkono. Tukakaa chini wote wawili. Akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nikamwambia. Akanisimulia mama yake alivyokuwa anamkaangia viazi. Alikuwa mtu mzuri sana, kaka, kule gizani." Akageuka kutazama uani. "Taa ilipowaka ndipo akaniona."

Uani, Bi Zamoyoni alikuwa anatwanga kisamvu cha jioni. Kinu chake kimeshatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa chombo rasmi cha dola, na kishindo chake ni kishindo, siku yoyote kinapolia. Majirani kwa hiyo, saa ya kupika, husimama na kukaa, husimama na kukaa, mpaka mboga ilainike. Wameshazoea. Wanasema inasaidia magoti.

Tukiwa bado tunazungumza, likaingia gari la wizara. Wakashuka waheshimiwa watatu wa kamati, ile ile iliyosafiri ng'ambo, wamebeba futi za kupimia. Mbele yao alikuwa Waziri Kigwendu.

"Mama!" akahutubia. "Serikali imeona kwamba mchi huu ni mrefu mno kuingia kwenye lifti ya Ikulu. Tumekuja kuupima. Utakatwa katikati, ufungwe bawaba, uwe wa kukunja!"

Bi Zamoyoni akamtazama mumewe. Akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. Akaunyanyua mchi akapiga mara moja, nasi sote tukasimama wima. Akapiga ya pili. Kisha akauegemeza mchi ukutani, akachukua ungo wake, akaingia ndani kuweka mboga jikoni.

Mimi na Koplo aliturudia baadaye, akatugongea cha tatu chetu kwa mwiko, taratibu, karibu na masikio yetu, tukaenda kula. Nilipoaga kurudi mjini, Waziri na kamati yake walikuwa bado wamesimama uani.